Jua la Baridi Nalo Huchoma: Kuikinga Ngozi Wakati wa Kiangazi

Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa Igogwe, wilayani Rungwe, mbele ya wajumbe wa kamati za parokia pamoja na marafiki wanaotuchangia, katika maandalizi ya kiangazi. Tumeyachapa hapa kwa sababu wajumbe wengi waliomba wayasome tena katika vigango na jumuiya zao.

 Tunajua mmeacha shughuli. Viazi vinasubiri kuchimbwa, chai haingoji mtu, na wengine mmepanda milima tangu alfajiri. Kwa hiyo tutajitahidi tuseme yale yatakayowafaa mtakaporudi nyumbani.

Tumeombwa tuzungumze juu ya ngozi na jua. Pengine wapo wanaojiuliza: kwa nini mada hii iletwe Rungwe? Jua kali si liko Dodoma, Pwani, au hapo chini Kyela? Huku kwetu mvua haikauki, ukungu unashuka mpaka mlangoni, na mwezi wa Juni na Julai tunavaa masweta mawili. Swali hilo ni zuri, na ndilo tutakaloanza nalo, maana jibu lake ndilo kiini cha yote tunayotaka kusema.

Joto si kipimo cha jua

Jua linatuletea vitu vingi kwa pamoja. Linaleta mwanga tunaouona, linaleta joto tunalolisikia, na linaleta mionzi ambayo hatuioni wala hatuisikii. Mionzi hiyo wataalamu wanaiita urujuanimno. Ndiyo inayoichoma ngozi, inayoizeesha kabla ya wakati, na ndiyo inayoweza kuanzisha saratani ya ngozi. Joto halihusiki. Mtu anaweza kutetemeka kwa baridi huku ngozi yake inaungua.

Sasa tuiangalie wilaya yetu. Tukuyu iko juu ya Kyela kwa takribani mita 1,000. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kwa kila mita 1,000 unazopanda, mionzi hiyo huongezeka kwa asilimia 10 hivi, kwa sababu hewa ya kuichuja inapungua. Maana yake ni kwamba anga likiwa safi, mtu aliyeko Tukuyu anapigwa na mionzi mingi kuliko aliyeko Kyela, ingawa wa Kyela ndiye anayetokwa jasho. Wa Kyela joto linamkimbiza kivulini. Wa kwetu upepo wa Mlima Rungwe unambembeleza, anabaki shambani kutwa nzima.

Na mawingu je? Mawingu mazito ya mvua yanapunguza mionzi. Lakini mawingu mepesi na ukungu mwembamba, kama tunaouzoea asubuhi, huweza kupitisha mpaka asilimia 80 ya mionzi hiyo. Siku ambayo tunasema "leo hakuna jua," ngozi inaweza kuwa na habari nyingine.

Jambo la tatu ni mahali tulipo duniani. Rungwe iko nyuzi 9 hivi kusini mwa Ikweta. Jua linapita juu kabisa ya utosi wetu mara mbili kwa mwaka: katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari. Februari mara nyingi mvua na mawingu mazito hutusaidia kidogo. Oktoba hakuna cha kutusaidia. Ni mwisho wa kiangazi, anga ni jeupe, na ndio wakati ambao kila mtu yuko shambani anaandaa udongo kungoja mvua. Kwa hiyo maandalizi yafanyike Mei na Juni, wakati bado tunaona baridi, ili Oktoba itukute tayari.

Ngozi zetu hazifanani

Mungu ametupa wengi wetu ngozi nyeusi, na weusi huo una kazi. Ndani ya ngozi kuna rangi iitwayo melanini, ambayo inaizuia mionzi isipenye ndani. Ngozi nyeusi ina kinga ya asili inayokadiriwa kuwa zaidi ya mara tatu ya ngozi ya Mzungu. Ndiyo sababu saratani ya ngozi inayotokana na jua ni nadra kwa watu weusi.

Hata hivyo, kinga hiyo si ukuta. Jua likizidi linaleta mabaka usoni, linaikausha ngozi, na linachangia mtoto wa jicho, ugonjwa unaowapofusha wazee wetu. Aidha, sisi weusi tuna saratani za ngozi ambazo hazitokani na jua, na kwa kuwa hatuzitarajii, tunachelewa kuzigundua. Moja hutokea katika unyayo, kiganja au chini ya ukucha, kama doa jeusi linalokua. Mwanamuziki Bob Marley alifariki mwaka 1981 kwa saratani iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Nyingine huota katika kovu la zamani la moto au katika kidonda cha mguu kilichokaa miaka mingi. Hapa kwetu, ambapo watoto wanaota moto kila jioni ya baridi, makovu ya moto si haba. Kovu la zamani likianza kuchimbika upya, lipelekwe hospitali.

Lakini wapo ndugu zetu ambao hawana kabisa kinga hiyo ya melanini, au wanayo kidogo sana. Hao ni watu wenye ualbino. Kwa Tanzania inakadiriwa kwamba mtu 1 katika kila watu 1,400 ana ualbino. Ulaya na Amerika Kaskazini ni 1 kati ya watu 17,000 mpaka 20,000. Basi katika parokia yenye waumini elfu kadhaa, ni wazi kwamba wako miongoni mwetu. Kama kamati inasema haina hata mmoja, tunaiomba ihesabu tena, na iulize ni nani anayefichwa ndani.

Tuseme pia kwa uwazi jinsi ualbino unavyotokea, kwa sababu ndoa zimevunjika kwa kutojua. Mtoto huzaliwa na ualbino pale anapopokea chembe ya urithi ya hali hiyo kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, wote wawili. Wazazi wenyewe wanaweza kuwa weusi kabisa na wasijue kwamba wanaibeba. Kwa kukadiria, Mtanzania 1 kati ya 19 hivi anaibeba chembe hiyo. Wote wawili wakiwa wanaibeba, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto mwenye ualbino. Hakuna laana, hakuna uzinzi, wala hakuna kosa la mama. Baba anayemfukuza mkewe kwa sababu hiyo anamwadhibu kwa jambo ambalo yeye mwenyewe amechangia nusu.

Jua linaua taratibu

Wengi tunakumbuka mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoitikisa nchi yetu, hasa kuanzia mwaka 2006 na miaka iliyofuata, zaidi Kanda ya Ziwa. Ilikuwa aibu kubwa, na ilikuwa haki kupaza sauti. Umoja wa Mataifa uliamua mwaka 2014 kwamba tarehe 13 Juni iwe siku ya kimataifa ya uelewa kuhusu ualbino, nayo huadhimishwa tangu mwaka 2015. Wafadhili wengi walianza kutusaidia kwa sababu ya habari zile.

Lakini, ndugu zangu, kinachowaua wengi zaidi miongoni mwa watu wenye ualbino hapa nchini ni saratani ya ngozi. Hii haitangazwi redioni. Inaanza kama baka kavu sikioni au mdomoni, na miaka michache baadaye tunazika kijana ambaye angeweza kuwa mwalimu wa watoto wetu. Uchunguzi uliofanywa Dar es Salaam kwa watu 350 wenye ualbino, na kuchapishwa mwaka 1985, ulionyesha kwamba madhara ya jua huanza kuonekana kabla mtoto hajamaliza mwaka wake wa kwanza. Hebu tulitafakari hilo. Mtoto hajaanza kulima, hajaanza shule. Jua hilo amelipata wapi? Amelipata mgongoni kwa mama yake, njiani kwenda sokoni na shambani, uso na miguu ikiwa nje ya mbeleko.

Habari njema ni kwamba ugonjwa huu unakingika, na ukigunduliwa mapema unatibika. Haya ndiyo magonjwa ambayo kamati ya parokia inaweza kuyashinda bila mashine ya gharama kubwa.

Kuiandaa ngozi: nini cha kwanza?

Marafiki zetu wa Ulaya wanapozungumza juu ya kuiandaa ngozi kwa kiangazi, baadhi yao wana maana ya kuizoesha jua kidogo kidogo mpaka ibadilike rangi. Jambo hilo halifai hata kwao, na kwa mtu mwenye ualbino haliwezekani kabisa. Ngozi yake haizoei. Kila siku ya jua inaongeza deni juu ya deni la jana. Kwa hiyo kujiandaa maana yake ni kuandaa vitu na mazingira, kwa mpangilio ufuatao.

1. Saa na kivuli. Mionzi huwa mikali zaidi kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 alasiri. Kwa asiye na saa, kivuli chake ni saa tosha: kikiwa kifupi kuliko urefu wake, jua ni kali, atafute mahali pa kujikinga. Tukumbuke pia kwamba sisi tuko magharibi ya nchi, hivyo jua huku kwetu linafika utosini kati ya saa 6 na nusu na saa 7, siyo saa 6 kamili. Watoto wanaotoka shule saa 8 bado wanatembea katika jua kali. Kazi za nje zifanywe asubuhi mapema au jioni. Migomba yetu nayo ni mwavuli wa bure. Kazi ya kwenye migomba si sawa na kazi ya kwenye chai au viazi, ambako hakuna hata jani la kujificha. Familia yenye mtoto mwenye ualbino igawe kazi kwa kuangalia hilo.

2. Nguo. Shati la mikono mirefu, suruali au sketi ndefu, soksi. Kitambaa kiwe kizito kilichofumwa kwa kubana. Kipimo ni rahisi: nyanyua kitambaa juu kuelekea kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapenya, na mionzi inapenya. Kanga iliyochakaa haikingi kama kitenge kizito au jinzi. Rangi iliyokolea inakinga kuliko nyeupe. Sokoni kwenye mitumba mashati ya mikono mirefu yanapatikana kwa bei nafuu, na huku kwetu kwa sababu ya baridi hakuna atakayekushangaa ukiyavaa.

3. Kofia. Hapa tunakosea sana. Vijana wanapenda kofia ya kapelo, yenye ulimi wa mbele tu. Hiyo inaacha masikio na shingo wazi, na ni huko hasa saratani inakopenda kuanzia. Inayotakiwa ni kofia ya pama, yenye ukingo mpana kuzunguka pande zote, usiopungua upana wa vidole vinne. Mafundi cherehani wetu wanaweza kuzishona kwa mabaki ya vitenge vizito. Wafumaji wa ukindu nao wanaweza kuzifuma, mradi ufumaji ubane.

4. Miwani. Macho ya mtu mwenye ualbino yanaumizwa na mwanga na hayaoni mbali vizuri. Miwani ya jua iwe ile inayozuia mionzi, na maandishi yake yaonyeshe hivyo. Miwani nyeusi tu isiyo na kinga inaweza kudhuru, maana inaifungua mboni halafu inapitisha mionzi. Ukingo wa kofia nao unayasaidia macho.

5. Losheni ya kuzuia jua. Tumeiweka ya mwisho kwa makusudi. Ni msaada mkubwa, lakini ni kwa sehemu ambazo nguo na kofia haziwezi kufika: uso, masikio, shingo, midomo, migongo ya mikono. Chupa iwe na namba ya kinga, inayoandikwa SPF, isiyopungua 30. Ya 30 inazuia asilimia 97 hivi ya mionzi inayounguza, na ya 50 asilimia 98. Tofauti ni ndogo, kwa hiyo msihangaike na namba kubwa yenye bei kubwa. Ipakwe dakika 15 hadi 30 kabla ya kutoka, irudiwe kila baada ya saa 2, na tena baada ya kutoka jasho au kunawa. Mtoto wa chini ya miezi sita asipakwe. Yeye afunikwe na akae kivulini.

Hesabu ya chupa

Tunaomba wafadhili na watunza hazina mtusikilize hapa. Losheni ikipakwa kidogo kidogo haifanyi kazi. Kipimo kinachofaa kwa mtu mzima ni kijiko kimoja cha chai kwa uso, masikio na shingo, na kijiko kimoja kwa kila mkono. Hivyo vijiko vitatu, sawa na mililita 15. Akipaka mara mbili tu kwa siku ni mililita 30. Chupa ya mililita 100 inaisha kwa siku tatu.

Sasa mtu huyo huyo avae mikono mirefu na kofia ya pama. Anabakiza uso, masikio, shingo na viganja kwa nyuma: kijiko kimoja na nusu. Chupa ile ile inamfikisha karibu wiki nzima. Yaani shati na kofia, ambavyo vinadumu mwaka au zaidi, vimeongeza maisha ya chupa kwa mara mbili. Ndiyo sababu tunasema: anayetoa losheni bila kofia anajaza maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Tunashukuru sana kwa maboksi ya losheni yanayotumwa kutoka nje. Lakini losheni ina tarehe ya mwisho, inaharibika ikiachwa kwenye joto, na boksi moja likiisha hakuna lingine. Tungependa marafiki zetu wajue kwamba nchini mwetu inatengenezwa losheni kwa ajili ya watu wenye ualbino. Inaitwa Kilisun. Ilianzia Moshi katika hospitali ya KCMC, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kwa juhudi za mfamasia kutoka Hispania, Mafalda Soto, akishirikiana na Watanzania, miongoni mwao watu wenye ualbino wenyewe. Imekuwa ikigawiwa bure kupitia kliniki, sambamba na elimu na uchunguzi wa ngozi. Hilo la mwisho ndilo funzo kubwa kwetu: chupa haikutolewa peke yake, ilitolewa pamoja na jicho la mtabibu.

Jicho la mtabibu

Kila mtu mwenye ualbino apimwe ngozi yote angalau mara mbili kwa mwaka, na baada ya hapo kama atakavyoelekezwa. Hatuhitaji kwenda mbali kwa hatua ya kwanza. Hapa Igogwe tuna hospitali, na Tukuyu ipo Hospitali ya Wilaya ya Makandana. Mtabibu akiona jambo linalozidi uwezo wake, ataandika rufaa kwenda Mbeya, na kama inahitajika matibabu ya mionzi, Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam.

Tuangalie tofauti ya gharama. Baka kavu linaloparuza kama msasa likigunduliwa leo, linaweza kugandishwa kwa gesi ya baridi kali au kutibiwa kwa dawa ya kupaka pale penye huduma hiyo, na mtu akarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kidonda kidogo kinaweza kukatwa kwa ganzi na kushonwa. Lakini kikiachwa mwaka mmoja au miwili, safari ni ya Dar es Salaam, wiki kadhaa za matibabu, ndugu wa kumsindikiza, chumba cha kupanga, ng'ombe wa kuuza. Na mara nyingi hata baada ya yote hayo tumechelewa.

Kwa hiyo kila jumuiya ijue dalili hizi nne:

- baka kavu au gumu usoni, sikioni, mdomoni au mkononi lisiloisha kwa mafuta;
- kidonda kisichopona ndani ya wiki nne;
- uvimbe unaokua au unaotoa damu ukiguswa kidogo;
- doa linalobadilika rangi, umbo au ukubwa.

Dalili hizi ni za watu wote, weusi na wenye ualbino.

Maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Je, mafuta ya nazi au ya mgando hayatoshi? Hayatoshi. Yanaisaidia ngozi iliyokauka kwa baridi na upepo wa Juni, na ni vizuri kuyatumia jioni. Lakini hayana kinga ya maana dhidi ya mionzi. Mtoto aliyepakwa mafuta aking'aa amependeza, lakini bado yuko uchi mbele ya jua.

Je, mtu akijificha jua hatakosa vitamini ya mifupa? Ngozi isiyo na rangi inahitaji jua kidogo sana kutengeneza vitamini hiyo. Dakika chache za asubuhi anapokwenda kuteka maji zinatosha.

Na hawa wanaojichubua? Swali hili huulizwa kwa kicheko, lakini si la kuchekesha. Mtu anayetumia mkorogo anaivua ngozi yake kinga aliyozaliwa nayo, halafu anatoka nayo juani. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Marufuku peke yake haitoshi kama sisi wenyewe tunamsifia bibi arusi kwa weupe.

Je, mtoto mwenye ualbino asisome shule ya kawaida? Asome. Akae dawati la mbele, mbali na dirisha lenye mwanga mkali, ubao usomwe kwa sauti, na aruhusiwe kuvaa kofia na mikono mirefu hata kama sare inasema vingine. Asisimamishwe paredi juani. Akiadhibiwa, asipewe adhabu ya kufyeka nyasi saa 7 mchana. Kumkinga mtoto wa namna hiyo ni wajibu, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtambua.

Tunachoomba kwa kamati

Tunafahamu kwamba kamati zina mambo mengi: paa la kigango, ada za yatima, maji. Hatuombi mradi mpya wenye ofisi na gari. Tunaomba mambo matano ambayo kila parokia inaweza kuyaanza kabla ya Oktoba.

1. Kila jumuiya iwatambue watu wenye ualbino walioko katika eneo lake, kwa heshima na kwa ridhaa yao. Orodha itunzwe na mtu mmoja mwaminifu. Isibandikwe ukutani.

2. Kila mmoja wao apatiwe kofia moja ya pama na mashati mawili ya mikono mirefu. Mafundi wetu wapewe kazi hiyo, na kama yupo fundi mwenye ualbino, aanze yeye, maana cherehani ni kazi ya kivulini.

3. Siku mbili kwa mwaka, moja Mei na nyingine Novemba, kamati ishirikiane na watabibu kuwapima ngozi. Kamati ilipe nauli ya wasioweza. Nauli ya kutoka kijijini mpaka hospitali ndiyo kizuizi cha kwanza tunachokutana nacho, kuliko hata bei ya dawa.

4. Ipandwe miti ya kivuli kwenye viwanja vya shule, kanisa na zahanati. Tujiangalie na sisi wenyewe: misa za uwanjani, maandamano ya sikukuu, kwaya inayosimama juani saa tatu nzima. Turubai liwekwe kwanza kwa watoto, kabla ya wageni rasmi.

5. Wafadhili wetu, mkipenda kutuma losheni, tumeni fedha ya kununua inayotengenezwa nchini, na mchango huo uende pamoja na nauli na kofia. Mkifanya hivyo mtakuwa mmemlinda mtu mmoja kwa mwaka mzima, badala ya watu kumi kwa siku tatu.

Ndugu zetu, mtu mwenye ualbino haombi aonewe huruma. Anaomba afike umri wa kuwaona wajukuu wake, kama sisi tunavyoomba. Kati yake na umri huo limesimama jua ambalo sisi tunaliona la kawaida, na huku kwetu tunaliona la baridi. Tukiondoka hapa tukiwa tumekubali jambo moja tu, kwamba ubaridi wa Rungwe haupunguzi ukali wa jua lake, basi safari yenu ya leo haikuwa bure.